Simu Tatu za Nyumba Yetu

Nyumba yetu ina simu tatu za mezani. Najua. Watu wa siku hizi hata moja hawana, na wajukuu wa jirani waliwahi kuletwa sebuleni kwangu kuiangalia, kama wanavyopelekwa magofuni Kaole. Mmoja akaniuliza kamera yake iko upande gani.

Ya kwanza iko sebuleni, pembeni ya kiti changu. Ya pili iko jikoni, ukutani, juu ya pipa la unga. Ya tatu iko chumbani kwa Mama Mkubwa, kwenye kimeza kando ya kitanda. Zote zina namba moja. Ikipigwa zinalia zote, na ukiinua yoyote unawasikia walioinua nyingine. Hilo la mwisho ndilo lililonipa elimu. Mimi ni mtu wa ndani, safari yangu ndefu ni msikitini na kurudi, na habari nyingi za dunia nilizonazo nilizipata kwa kuinua mkonga wa sebuleni taratibu, nikaziba kinywa kwa kiganja, nikasikiliza wakubwa.

Mama Mkubwa ni dada wa marehemu mama yangu. Amenilea, na bado ananilea, ingawa nina miaka hamsini na mbili. Miguu imemchoka, hashuki kitandani bila kushikwa, lakini masikio yake usiombe. Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, aliolewa Maskati zamani, na kila Ijumaa saa nane, watu wakishatoka msikitini, humpigia dada yake. Maongezi yao yana taratibu zake. Mdogo hutoa salamu, mkubwa huitikia, wanaulizana hali ya mtu mmoja mmoja mpaka hali ya paka, ndipo habari yenyewe ianze. Kwa Mama Mkubwa, kumjibu mtu asiyesalimia ni kumlea vibaya. Akiinua simu hasemi neno. Anangoja. Ukisema "haloo" anaendelea kungoja, maana haloo kwake si salamu, ni kelele. Waliokosea namba walikuwa wakikata wakidhani wamepiga kisimani.

Haya yote nimeyaandika hapa juu makusudi, ili baadaye usiseme sikuyajua. Niliyajua tangu nikiwa na kaptura.

Basi, waya wa mtaani ukafa. Tuliinua simu asubuhi moja hakuna mlio, na watu wa kampuni ya simu wakasema waya ule hawaufufui tena, simu sasa zinapita kwenye intaneti, tungoje zamu yetu. Tulingoja miezi mitano. Kwa miezi hiyo Ijumaa zetu zilikuwa za simu yangu ya kiganjani. Mama Mkubwa aliishika kwa vidole viwili kama sabuni iliyolowa, akaigeuza juu chini, akaminya kitu kwa shavu, ikakatika. Tulipomwekea sauti ya nje, salamu zikawa zinapishana njiani: huku anaitikia, kule wanauliza tena, na wajukuu wa kule Maskati wanapiga kelele, "Sema naye, Bibi, sema naye!" Alikuwa ananirudishia simu na maneno matatu tu: "Mwambie sijambo. Chukua."

Huko Maskati ikaeleweka vingine. Mama Mdogo akaanza kuamini kwamba dada yake yu hoi na sisi tunamficha. Kwa nini asiongee? Kwa nini simu ya chumbani haipokelewi? Na likaja la kubana zaidi: Mama Mdogo alipangiwa upasuaji wa nyonga, analazwa Jumamosi. Mama Mkubwa akaniita.

"Ijumaa hii," akasema, "simu hii hapa ilie. Hii, si hiyo ya mfukoni mwako. Mdogo wangu asiingie chumba cha upasuaji anadhani mimi nimekwisha."

"Italia, Mama Mkubwa."

"Sikukuuliza kama italia. Nimekwambia ilie."

Zamu yetu ikaja Jumatano ya wiki hiyohiyo, na mimi nikaiona kama rehema. Fundi alikuja na kiboksi cheupe chenye taa, akakipachika sebuleni, akachomeka simu yangu nyuma yake. Mlio huo! Namba ileile. Nikamwonyesha kwa kidole jikoni na chumbani.

"Na hizi mbili?"

Akaniangalia. "Mzee, kiboksi kina tundu moja la simu. Hizo nyingine ni waya za ndani ya nyumba, hizo unamtafuta mtu wako. Mimi nakwenda Miono, nimechelewa."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Nilimwona anafungua kinywa kumwomba fundi atupatie jina la huyo mtu, na mimi, sijui nini kilinipanda, nikasema, "Haina haja. Mtu yupo."

"Nani?" mke wangu akauliza fundi alipoondoka.

"Mimi."

Alikaa chini kwanza. Nimemaliza kidato cha nne, na fizikia nilifanya. Mwalimu aliniandikia alama zangu kwa penseli, nadhani kwa huruma. Lakini usiku ule niliangalia video za mtandaoni tatu nzima, na jambo lenyewe lilionekana jepesi. Unakata waya wa nje, ule unaotoka mtaani, ili nyumba ibaki peke yake. Halafu unatoa waya kwenye tundu la kiboksi, unauchomeka kwenye soketi yoyote ya simu ya ukutani, na simu zote ndani zinapata uhai. Mwenye video alifanya kwa dakika nne huku anakunywa kahawa.

Ila nyumba yake haikuwa ya Bagamoyo. Yetu ni ya mawe, na kila inapokaribia Ramadhani tunaipaka chokaa. Tunapaka juu ya chokaa ya mwaka jana, iliyopakwa juu ya ya mwaka juzi, na tunapaka kila kitu kisichokimbia. Kile kisanduku kidogo ambamo waya wa mtaani unakutana na waya wa ndani kilikuwa mahali fulani ukutani, kimezikwa chini ya Ramadhani zaidi ya thelathini. Ukuta wetu una vinundu kama mgongo wa mamba. Kimojawapo ndicho.

Alhamisi asubuhi nikachukua kijiko, nikaanza kugonga ukuta wa ukumbini, nikitega sikio kama daktari. Ko, ko, ko. Kidogo nikasikia sauti ya Mama Mkubwa kutoka chumbani.

"Nani huyo anapiga hodi ukutani?"

"Mimi, Mama Mkubwa."

"Mwambieni mlango uko wazi."

Kinundu cha kwanza nilichokipasua kilikuwa chokaa tupu. Cha pili kilikuwa msumari wa taa ya zamani. Cha tatu sikijui mpaka leo ni nini, lakini kilipotoka kilitoka na kipande cha ukuta cha ukubwa wa sahani. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Mbegani kwa wavuvi na hakosi kunikumbusha, alipita na ndoo.

"Kwetu mtu anashona wavu mrefu kutoka hapa mpaka barabarani, uzi haumpotei. Wewe waya wa nyumba moja."

"Wavu unaonekana. Huu umefichwa."

"Aliyeuficha si wewe? Brashi kila mwaka anashika nani?"

Brashi kila mwaka nashika mimi. Ndipo akaniuliza, kwa upole unaoudhi, kama nimewahi kujiuliza kwa nini kalenda ya ukumbini imekaa imebinuka miaka yote hii. Nikainua kalenda. Kinundu. Nikagonga. Sauti ya plastiki.

Nilikifungua kwa bisibisi na kisu cha siagi, na humo ndani nilikuta nyaya safi kabisa, rangi zake kama za jana. Nikazikata za mtaani. Nikavuta waya kutoka kwenye kiboksi mpaka kwenye soketi ya sebule, nikachomeka simu yangu kwenye tundu lake la pili, nikasoma Bismillahi, nikainua mkonga. Mlio! Nikakimbia jikoni, nikainua: mlio! Nikamshika mke wangu kiunoni mbele ya sufuria ya mchuzi, akaniambia nina chokaa masikioni. Nikarudi sebuleni kuusikiliza mlio wangu mara ya pili, kwa raha tu.

Hakuna.

Nikabonyeza, nikatikisa, nikapuliza. Hakuna mlio, ila pia si kimya cha simu iliyokufa. Kilikuwa kimya chenye kitu ndani yake. Nikasema, "Haloo?" Kimya. "Haloo, haloo!" Kimya, halafu mbali kidogo, sauti ndogo: tk. Baada ya muda, tk. Tk. Na kama upepo unaoingia na kutoka.

Taa ya simu kwenye kiboksi ilikuwa inawaka vile inavyowaka mtu anapoongea. Nikajua maana yake. Video ya pili ilieleza. Kuna simu imeinuliwa. Ya sebuleni nikaiweka: taa inawaka. Nikakimbia jikoni: imekaa ukutani, imetulia, taa inawaka. Nikazichomoa zote mbili kabisa. Inawaka.

Ilibaki ya tatu. Msomaji yeyote mwenye akili angekwenda chumbani. Mimi nilikwenda mpaka mlangoni. Niliona simu juu ya kimeza, nusu yake imejificha nyuma ya chupa ya chai na dawa, na Mama Mkubwa amelala ubavu, ameelekea ukutani, amejifunika ushungi mpaka kichwani. Nikajisemea simu si ile pale imekaa. Ukweli ni kwamba sikutaka kuingia. Ningeingia angeuliza, "Tayari?" na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Nikarudi kwa ncha za vidole kama mwizi wa halua.

Mchana ule wote nilifungua nilichofunga na kufunga nilichofungua. Nikichomeka simu moja kwa moja kwenye kiboksi, inafanya kazi. Nikiunganisha na nyumba, inakufa na kuanza kupumua. Nikatafuta mtandaoni "simu inasema tk tk". Watu wa nchi za mbali walinishauri nibadilishe kiboksi, nibadilishe waya, mmoja akanishauri nihame nyumba. Mwishowe nikamwita mke wangu.

"Sikiliza. Unasikia?"

Akasikiliza kwa makini, jicho moja amelifumba.

"Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi nijue wapi? Kama ni jini, basi ni jini la swala tano. Linavuta tasbihi."

Tukacheka, wallahi, tukacheka mpaka akakaa chini. Na kati yetu hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuangalia ule mlango, hatua kumi na mbili kutoka tulipokuwa.

Ijumaa asubuhi nilirudia yote tangu mwanzo. Nikasema haloo nyingi za kutosha kujaza gunia. Saa sita na nusu mke wangu akaninyang'anya bisibisi, akaniambia nikaoge, Mungu hapigiwi simu. Nikaenda msikitini na chokaa kwenye kope. Khutba ilihusu nini, siwezi kukudanganya. Nilipotoka nikapita katikati ya watu kama kawaida ya Ijumaa, huyu asalaam alaykum, yule asalaam alaykum, mzee shikamoo, huyu tena asalaam alaykum, mikono na mikono mpaka nje ya geti, na mtu akiniuliza habari za nyumbani nasema salama. Nilipofika nyumbani ilibaki kama nusu saa. Nikakaa kwenye kiti changu. Nikainua mkonga, si kwa matumaini, kwa mazoea tu. Kimya kilekile. Pumzi zilezile. Na ulimi wangu, ambao ulikuwa bado una moto wa pale getini, ukateleza wenyewe:

"Asalaam alaykum."

"Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh," simu ikajibu.

Mkonga ulinitoka, nikaudaka kwa goti.

"Mama Mkubwa?"

"Na shikamoo yako umeiacha msikitini?"

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Tangu jana kuna mtu asiye na adabu ananipigia haloo humu. Nikasema nikae kimya, atachoka."

"Ni mimi!"

"Nilikujua. Nilidhani umelelewa na mwingine."

Nikafika chumbani sijui kwa miguu gani. Nikafunua ushungi kidogo. Mkonga ulikuwa humo ndani, sikioni, umelaliwa, waya wake umepita nyuma ya chupa ya chai. Mkononi tasbihi yake ya punje kubwa. Tk.

Alikuwa anainua ile simu mara kwa mara tangu Jumatano alipomsikia fundi, kusikiliza kama mlio umerudi. Jana, nilipokuwa nacheza jikoni na mke wangu, akausikia. Akaushika mkonga, hakuuachia tena. Kushushwa msalani alishushwa na mke wangu, na mkonga akaufunika kwa mto, na mke wangu akaupanga mto vizuri juu yake bila kujua kilicho chini.

"Mama Mkubwa, rudisha mkonga. Ukiushika hivyo Maskati hawawezi kuingia. Wakipiga wataambiwa simu inatumika."

"Siurudishi."

"Zimebaki dakika ishirini!"

"Nikiurudisha itaondoka tena."

Nilianza kumweleza habari za kiboksi, taa na tundu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema polepole, hakuwa ananitania sasa, "Mara ya mwisho niliirudisha mwenyewe. Nilimwambia, haya mdogo wangu, mpaka Ijumaa. Nikaiweka hapa kwa mkono wangu. Haikulia tena. Miezi mitano. Sasa unaniambia niiweke."

Hapo vidato vyangu vyote vinne viliniishia. Nilikuwa nimekesha na video na nimepasua ukuta wa babu yangu, na kumbe mgonjwa mwenyewe nilikuwa sijamsalimia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Sikumwapia chochote, maana viapo vyangu anavijua. Nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukaubeba mkonga pamoja, mzito kama mtoto aliyelala, tukauweka mahali pake. Kisha nikatoa simu ya mfukoni, nikapiga namba ya nyumba yetu hapo hapo mbele yake.

Ikalia. Yaani, ilijaribu kulia. Kengele tatu za zamani kwa kiboksi kimoja chembamba ni mzigo. Zilitoa sauti kama kijiko kinachokoroga chai chumba cha pili. Mama Mkubwa akanitazama kwa jicho ambalo nililiona mara ya mwisho nilipoleta ripoti ya fizikia.

"Hiyo ndiyo inalia?"

Ilibidi moja itoke ili mbili zipate nguvu. Hilo nililijua, video ya tatu ilisema. Nikaenda jikoni, nimekwishanyoosha mkono.

"Thubutu," mke wangu akasema. "Mimi ndugu zangu wananipigia nikiwa na unga mikononi. Itoke yako. Wewe unapigiwa na nani?"

Nikafikiri. Kwa kweli, hakuna. Miaka yote ile simu ya sebuleni haikuwahi kulia kwa ajili yangu. Ilikuwa ya kusikiliza tu. Nikaichomoa. Nikapiga tena majaribio, na chumbani kengele ikapasuka kama ya shule. "Ewaa," akasema Mama Mkubwa.

Tukangoja. Akaomba anyanyuliwe, akae. Akaomba ushungi mwingine, wa kijani. Mke wangu akaenda zake jikoni, mimi nikabaki sebuleni kwenye kiti changu, pembeni ya alama nyeupe mezani ambapo simu ilikuwa, sina pa kuweka mkono wangu wa kulia.

Saa nane ikapita. Na robo ikapita. Nilianza kutunga maneno ya kumwambia, na yote yalikuwa ya uongo.

Ikalia.

Mama Mkubwa aliiacha ilie mara moja, mbili, tatu, kama afanyavyo siku zote, mtu asidhani tulikuwa tumekaa tunaingoja. Halafu ikanyamaza. Alikuwa amepokea. Alikuwa anangoja.

Nilivumilia, nadhani, sekunde tano. Nikaingia jikoni kwa ncha za vidole. Mke wangu alikwishainua mkonga wa ukutani, kiganja kinywani. Akanisogezea nusu ya sikio.

"…salaam alaykum, dada yangu," Mama Mdogo alikuwa anasema. "Shikamoo. Ni wewe mwenyewe?"

"Waalaykum salaam. Marahaba. Ulidhani nani?"

Kule kukawa na kilio kidogo, na huku pia, nadhani, ingawa yeye angekwambia ni mafua. Kisha wakaanza, mtu mmoja mmoja, mpaka wakafika kwa paka. Nyonga ilingoja nje kwa adabu mpaka zamu yake ilipofika.

"Nao hao wawili waliosimama jikoni," Mama Mkubwa akasema katikati, bila kubadili sauti, "wasalimie, wasikae kama wezi."

Tukasalimia. Mama Mdogo akacheka, mara ya kwanza kwa miezi mitano, akauliza simu imetengenezwa na nani, maana sauti ni safi kama yuko uani.

"Tulipata fundi hapahapa nyumbani," Mama Mkubwa akamwambia. "Ukuta ameuvunja, na kuamkia alikuwa amesahau. Lakini tunamfundisha."